Ndege Iliyoitwa Mfanya Wajane

(Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa ndege, Dar es Salaam)

Walimu wenzangu, wageni wetu, na ninyi wanangu mliovaa ovaroli mpya ambazo bado hazijaonja grisi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze historia ya usafiri wa anga. Naona aliyeniomba alitegemea nianze na wale ndugu wawili Wright, nipite haraka kwenye ndege za jeti, mpige makofi, tukanywe chai. Mtanisamehe. Nimekuja na ndege moja tu, tena ya vita, tena ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Nimeichagua kwa sababu ilipewa jina baya ikiwa bado changa, na lile jina lilikaribia kuiua kabla risasi za adui hazijaigusa. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Kwa ndege hii lilikuwepo. Ila halikuwa pale watu walipokuwa wananyooshea kidole.

Ndege yenyewe ni Martin B-26 Marauder. Marauder maana yake ni mporaji, mtu wa kuvamia na kukimbia. Ilikuwa ndege ya mabomu ya kiwango cha kati, yenye injini mbili na wafanyakazi sita au saba ndani. Ndege za kiwango hiki hazikuwa kubwa kama zile za injini nne zilizokwenda kupiga miji ya mbali, wala hazikuwa nyepesi kama zile za kusaidia askari walio mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa madaraja, stesheni za reli, viwanja vya ndege, maghala ya mafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1939 kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani kilitangaza mahitaji yake. Kilitaka ndege ibebe mabomu ya karibu kilo 900 na ikimbie kilomita zaidi ya 550 kwa saa. Wakati ule kuna ndege za kivita zenye mtu mmoja ambazo hazikuifikia kasi hiyo. Kampuni ya Glenn L. Martin ya Baltimore, katika jimbo la Maryland, ikampa kazi mhandisi kijana aitwaye Peyton Magruder. Michoro ikapelekwa Julai ya mwaka huohuo. Vita vilikuwa vinabisha hodi Ulaya, na Jeshi lilikuwa na haraka. Likaagiza ndege 201 kwa kuangalia makaratasi.

Sikilizeni hapo vizuri. Hapakuwa na ndege ya mfano. Kwa kawaida kampuni hutengeneza moja au mbili, rubani wa majaribio anazirusha, zinamtisha, anarudi na orodha ndefu ya malalamiko, ndipo kiwanda kinaanza. Hapa hatua hiyo ilirukwa. Tarehe 25 Novemba 1940, Ken Ebel alipoirusha Marauder kwa mara ya kwanza, aliyokuwa ameikalia ndiyo ya kwanza kati ya zile zilizokwisha kuagizwa.

Na ilikuwa ndege nzuri kwa macho, sitawaficha. Mwili wake wa mviringo, laini, umechongoka mbele na nyuma kama sigara nene. Injini zake mbili za Pratt & Whitney R-2800, kila moja na silinda 18 na nguvu ya farasi 1,850. Magurudumu matatu, moja likiwa chini ya pua, wakati marubani wengi wa Jeshi walikuwa wamezoea ndege inayokalia mkia. Lakini mabawa, wanangu! Kutoka ncha hadi ncha hayakufika mita 20. Magruder alitaka kasi, na bawa fupi halina ukinzani mwingi wa hewa. Malipo yake ni kwamba ndege ikishiba mafuta na mabomu ilikuwa na tani 14 na nusu, na kila mita moja ya mraba ya bawa ilibeba kilo zaidi ya 250. Bawa la namna hiyo halitaki upole. Marubani walizoea kuja kutua polepole, kama mtu anayeshusha kikapu cha mayai. Marauder ilitaka uje uwanjani na kilomita kama 240 kwa saa, na ukiogopa ukapunguza, inaanguka kama jiwe.

Mwaka 1941 Marekani haikuwa na marubani wa kutosha walioweza jambo hilo. Baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, Desemba ya mwaka huo, jeshi lilianza kupika marubani kwa wingi kama maandazi ya asubuhi. Kijana alitoka kwenye ndege ndogo ya mafunzo, pengine hajawahi kushika injini mbili, akakabidhiwa Marauder. Wengi walipelekwa MacDill, kambi iliyo kando ya ghuba ya Tampa katika jimbo la Florida. Zikaanza kuanguka. Kuna siku 30 ambazo zilianguka hadi ndege 15. Askari, mnajua ulimi wa askari, wakatunga msemo wa kejeli wenye vina kwa Kiingereza, kwamba kila siku moja inaingia ghuba ya Tampa. Ndipo likaja jina la Mfanya Wajane. Wengine waliiita Jeneza Linaloruka. Lipo na jina jingine lililotaja mji wa Baltimore na mwanamke asiyeonekana anategemea nini kuishi, kwa sababu ndege nayo haikuonekana ina mabawa ya kuitegemeza. Hilo mbele ya mama zetu walioko hapa sitalitafsiri.

Sasa hebu tufanye kazi yetu ya ufundi. Ndege inaanguka. Kwa nini?

Jibu la mtaani lilikuwa mabawa mafupi. Kila mtu aliyaona, hata asiyejua kitu. Habari zikafika hadi kwa seneta Harry Truman, aliyekuwa anaongoza kamati ya kuchunguza matumizi ya fedha za vita, miaka michache kabla hajawa rais. Inasimuliwa kwamba alimuuliza Glenn Martin mwenyewe, ndege yako ina tatizo gani? Martin akajibu kwamba mabawa hayatoshi. Basi kwa nini hamuyarefushi? Akasema michoro imeshakwenda mbali, na zaidi ya hapo mkataba tayari anao mkononi. Truman akamwambia kwamba kama ni hivyo, mkataba unaweza kufutwa. Ghafla ikawezekana mabawa kurefushwa.

Hadithi tamu, na wanaopenda kuisimulia huishia hapo. Mbaya amekemewa, bawa limerefushwa, watu wamepona. Kwa bahati mbaya hesabu haikubali. Mabawa mapya yalifika karibu mita 21 na nusu, ndiyo. Lakini wakati huohuo Jeshi liliongeza bunduki, chuma cha kuwakinga wafanyakazi, na vifaa vingine, hadi uzito wa ndege iliyojaa ukakaribia tani 17. Chukueni kalamu mgawanye. Mzigo kwa kila mita ya mraba ya bawa ulipanda. Ndege yenye mabawa marefu ilitua kwa kasi kubwa kuliko ile yenye mabawa mafupi! Na bado ajali zilipungua. Kwa hiyo kama ugonjwa ulikuwa bawa, mgonjwa alipona vipi wakati ugonjwa umeongezeka?

Waliokwenda kuangalia chini, kwenye karakana na kwenye lami, ndio waliokuta majibu. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo mlipo ninyi.

La kwanza ni uzito. Ndege za mwanzo zilitoka kiwandani kabla bunduki zake hazijafika. Mchoraji alikuwa amepiga hesabu ya kitovu cha uzito akijua kuna bunduki na wapiga bunduki mahali fulani. Vitu hivyo havipo, na mahali pengine hakuna aliyeweka uzito wa kufidia sawasawa. Ndege ikawa nzito puani, na gurudumu la mbele likawa linavunjika wakati wa kutua. Mtu anaona gurudumu limekatika, anasema gurudumu bovu. Anabadilisha gurudumu. Linakatika tena.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kulikuwa na ndege ndogo ya mizigo ambayo wapakiaji waliiita Mkosi. Kila baada ya wiki chache mguu wake wa mbele unaleta matata. Tulibadilisha mipira, tukabadilisha boriti za kufyonza mshtuko, kuna mzee alileta hata ubani. Siku moja kijana mmoja wa mafunzo ya vitendo, mdogo kuliko ninyi, alijipima kwenye mizani ya mizigo kwa utani. Ilimtoa kilo 51. Kijana alikuwa na kilo 64. Ile mizani ilikuwa inatudanganya muda wote, na wakubwa wetu walikwisha kuambiwa inahitaji kukaguliwa wakasema bajeti hakuna. Mkosi ulihamia kwenye mizani, na jina ndege ikabaki nalo, maskini.

La pili ni betri. Propela za Marauder, zilizotengenezwa na Curtiss, zilikuwa na mapanga manne, na pembe ya mapanga hayo ilibadilishwa na mota ya umeme. Wakati wa kupaa unataka pembe ya aina moja, ukiwa angani unataka nyingine, na injini ikifa unataka mapanga yalale sambamba na upepo yasiwe breki. Yote hayo yanategemea umeme. Mafundi wa kambini walikuwa wanajaribu mitambo ndege ikiwa imesimama, taa, redio, mota hizo za propela, kwa kutumia betri ya ndege yenyewe. Jenereta ya kwenye toroli imesimama pale pembeni, lakini kuivuta ni kazi, jua la Florida kali. Betri inachoka. Asubuhi rubani anawasha, anapaa, na katika dakika ile anayohitaji nguvu kuliko dakika yoyote, mota ya propela inakosa umeme, mapanga yanajilaza kwenye pembe ndogo, injini inapiga kelele inazunguka kupita kiasi, na upande ule hausukumi tena. Yuko mita chache juu ya maji. Kikulacho ki nguoni mwako.

La tatu ni mafuta. Petroli ilibadilishwa ikawa yenye kemikali nyingine ndani yake, na kemikali hizo zikawa zinakula viwambo vya kabureta. Injini inazima bila sababu inayoonekana. Fundi anaifungua, haoni kitu, anaifunga.

Halafu ndiyo linakuja la rubani. Ndege hii ilinyanyuka ikiwa na kasi ambayo bado haikutosha kuiongoza kwa injini moja. Kulikuwa na sekunde kadhaa, kati ya kuacha ardhi na kufikia kilomita kama 240 kwa saa, ambapo injini moja ikifa, nyingine inaipindua ndege kichwa chini. Rubani mzoefu anajua apitie haraka sekunde hizo, magurudumu juu, pua chini, akusanye kasi kwanza, kupanda baadaye. Mgeni anavuta usukani ili akimbilie juu, kwa sababu juu anaona ndiko kwenye usalama.

Jeshi liliunda bodi ya uchunguzi, na suala la kusitisha utengenezaji likawekwa mezani. Jenerali Arnold, mkuu wa anga, akamtuma Jimmy Doolittle. Huyu ndiye aliyeongoza ndege za B-25 kuipiga Tokyo Aprili 1942, watu walimheshimu. Doolittle aliichukua Marauder, akazima injini moja, akakata kona kuelekea upande wa injini iliyokufa, jambo ambalo kambini liliaminika kuwa ni kujichimbia kaburi. Akatua salama. Kisha mtu wake, Vincent Burnett, akazungushwa kambi kwa kambi kufanya vilevile mbele ya wanafunzi, mwendo wa polepole, injini moja, ndege kukosa nguvu ya kuelea na kurudishwa, huku akiwaeleza kwa maneno mepesi kinachotokea.

Na kuna kambi ya Dodge City, jimbo la Kansas, ambako mwaka 1943 marubani wanawake wa shirika la WASP walifundishwa kuirusha Marauder. Kazi yao ilikuwa kuvuta shabaha ya kitambaa nyuma ya ndege ili wapiga bunduki wajifunze kulenga. Fikirini kazi yenyewe, unaruka huku wanagenzi wanakupigia risasi za kweli karibu na mkia. Wasichana hao waliirusha kila siku. Ni vigumu kuendelea kuiita jeneza ndege ambayo dada yako anaipeleka kazini asubuhi na kuirudisha jioni.

Nisije nikawaacha mkidhani kuwa vita vilisubiri mafunzo yaishe. Kundi la kwanza kuipokea, la 22, lilikwishavuka Pasifiki kwenda Australia, na kuanzia Aprili 1942 likawa linaishambulia Rabaul, kambi kubwa ya Wajapani. Rais wa baadaye Lyndon Johnson, akiwa mbunge aliyevaa magwanda, alipanda moja ya ndege hizo kama mtazamaji tarehe 9 Juni 1942, safari ya Lae kule New Guinea. Ndege aliyokuwa ameipanda kwanza akashuka, akahamia nyingine. Ile ya kwanza ilitunguliwa na wote waliokuwemo wakafa. Johnson alipewa nishani kwa safari hiyo, na wanahistoria wanabishana hadi leo kama ndege yake ilifika hata kwenye mapigano.

Siku tano kabla ya hapo, tarehe 4 Juni, kwenye kisiwa cha Midway, Marauder nne zilifungwa topido chini ya tumbo, kazi ambayo hakuna aliyezichorea, zikatumwa kuzifuata meli za Japani za kubebea ndege. Bila kusindikizwa. Mbili hazikurudi. James Muri alipoachia topido yake aliona mizinga ya pembeni imemkalia sawa, akaamua kupita juu kwa juu ya sitaha ya meli ya Akagi, urefu mzima, kwa kuwa pale katikati mizinga mingi isingeweza kumlenga. Nyingine, ikiwa imeshaumia, ilikosa kwa kidogo sana kuligonga jumba la uongozi la Akagi, alikokuwa Admirali Nagumo, mkuu wa meli hizo. Hakuna topido iliyopiga. Lakini wapo wanahistoria wanaoona kwamba mshtuko wa asubuhi ile ulimsukuma Nagumo aamue kubadilisha silaha za ndege zake ili aipige Midway tena, na uamuzi huo ndio uliomponza pale ndege za Marekani za kudondosha mabomu kwa kupiga mbizi zilipowasili. Muri aliitua ndege Midway ikiwa na matundu mamia. Haikuruka tena.

Sasa Ulaya. Hapa kuna siku ambayo kila anayesoma habari za ndege hii huifikia akafunga kitabu kidogo kwanza. Mei 1943, kundi la 322 lilikuwa Uingereza. Wakuu walidhani Marauder itumike chinichini, karibu na miti, kama ilivyokuwa Pasifiki. Tarehe 14 walikwenda kupiga kituo cha umeme cha IJmuiden, Uholanzi, wakarudi na ndege zimetobolewa. Tarehe 17 wakatumwa tena. Njia ileile, shabaha ileile, na nyingine ya Haarlem jirani. Ndege 11, zikiongozwa na Luteni Kanali Robert Stillman. Njiani moja ilipata hitilafu ikageuza, na katika kugeuza ilipanda hadi kama futi 1,000, rada za Wajerumani zikaiona. Zilizobaki 10 ziliendelea.

Hakuna hata moja iliyorudi. Kumi kwa kumi. Stillman mwenyewe ndege yake ilianguka, akatolewa kwenye mabaki akiwa hai, akawa mfungwa.

Mnaweza kufikiri jinsi lile jina la zamani lilivyofufuka usiku ule. Ilikuwa rahisi kusema tuliwaambia. Lakini uwanja wa Uholanzi haukuwa kisiwa cha Pasifiki chenye bunduki mbili tatu. Mizinga ya Wajerumani ya kutungulia ndege ilikuwa mingi, ya kila ukubwa, na wapigaji walikuwa wanajua kazi. Ukiruka futi 100 unakuwa shabaha ya kila mtu mwenye bunduki, hata mpishi. Wakuu wakasimamisha safari, wakakaa, wakabadilisha mtindo. Kuanzia Julai Marauder zilipelekwa katikati, futi 10,000 hadi 12,000 hivi, juu ya masafa ya bunduki ndogo, chini ya pale mizinga mikubwa ilipopenda zaidi, zimekaa kwa mafungu yaliyobanana, zikibadilisha uelekeo kila baada ya sekunde chache, na ndege za kivita za Waingereza, Spitfire, zikisindikiza. Zikawa zinaachia mabomu kwa pamoja kiongozi anapoachia.

Kuanzia hapo ndege ikabadilika kana kwamba ni nyingine. Bawa lilelile, injini zilezile. Mwaka 1944 zilivunja madaraja ya mto Seine moja baada ya jingine ili Wajerumani wasiweze kupeleka jeshi Normandy. Alfajiri ya tarehe 6 Juni, siku askari waliposhuka kutoka baharini huko Normandy, Marauder zaidi ya 270 zilipewa ufukwe ulioitwa Utah. Mawingu yalikuwa chini. Kwenye ufukwe jirani wa Omaha, ndege kubwa za injini nne zilipita juu ya mawingu, zikachelewesha mabomu kidogo ili zisiwapige watu wao, na mabomu yakaenda kuua ng'ombe mashambani. Marauder zilishuka chini ya mawingu, zikapita sambamba na ufukwe, zikapiga ngome zenyewe. Utah na Omaha zilitofautiana sana siku ile kwa damu iliyomwagika. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mawimbi ya bahari na askari waliokuwa wanasubiri juu ya mwamba, lakini hii ni mojawapo.

Wamarekani hawakuwa peke yao. Wafaransa Huru waliirusha kutoka Sardinia. Afrika nayo imo. Kikosi cha 14 cha Waingereza kiliipokea Misri mwaka 1942 kikaitumia kuchunga bahari ya Mediterania, vikundi vya Wamarekani vilifanya kazi kutoka Telergma huko Algeria, na Jeshi la Anga la Afrika Kusini lilikuwa na vikosi vya Marauder Italia, vikiwemo cha 12, cha 21, cha 24 na cha 30. Kwa jumla zilitengenezwa 5,288, Baltimore na Omaha ya Nebraska.

Na hesabu ya mwisho ni hii. Hadi vita vinakwisha, katika Ulaya, Marauder ilikuwa inapoteza chini ya ndege moja kwa kila safari 200. Hakuna ndege ya mabomu ya Jeshi la Marekani iliyokuwa na hasara ndogo kuliko hiyo.

Msiimeze namba hiyo bila kuitafuna. Safari za Marauder zilikuwa fupi kuliko za zile kubwa zilizokwenda Berlin. Walisindikizwa. Na ndege za kivita za Wajerumani zilikuwa zimepungua. Siku walipokosa msindikizaji iliwatokea tena: tarehe 23 Desemba 1944, kwenye daraja la reli la Ahrweiler, kundi la 391 lilipoteza ndege 16 kwa safari moja. Sisemi ilikuwa ndege ya miujiza. Nasema haikuwa laana.

Nimalizie na ndege moja kati ya hizo 5,288. Ilikuwa ya kundi la 322, lile la IJmuiden. Rubani wake, James Farrell, nyumbani kwao kulikuwa na mbwa aliyeitwa Flea Bait, chambo cha viroboto. Akageuza herufi akaiita ndege yake Flak-Bait, chambo cha mizinga. Jina lilimsikia. Katika safari zaidi ya 200 ilitobolewa matundu zaidi ya 1,000. Mara mbili ilirudi na injini moja, na mojawapo ya mara hizo injini iliyokufa ilikuwa inawaka moto. Umeme ulikatika wote mara mbili. Safari ya 200 ilikuwa Magdeburg, Aprili 1945. Hakuna ndege ya Marekani iliyopiga mabomu Ulaya ikafanya safari nyingi kuliko hiyo na kubaki nzima.

Vita vilipokwisha, nyingi ya dada zake zililipuliwa Ujerumani zikawa chuma chakavu. Hata jina lake rasmi lilichukuliwa. Mwaka 1948 namba B-26 ikapewa ndege nyingine kabisa, Douglas Invader. Kwa hiyo wale wenu wenye wazee waliopitia Kongo wakati wa uasi wa Simba, mkisikia kuwa mwaka 1964 na 1965 B-26 zilikuwa zinapiga mabomu huko zikirushwa na Wakyuba waliomkimbia Castro, ni hiyo Invader. Mjomba wangu alibishana nami jambo hili hadi mkesha wa harusi ya binti yake.

Flak-Bait ilibakizwa. Iko kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian, na wanaoihudumia huko Virginia waliamua wasiipake rangi upya. Wamesafisha tu. Viraka vya bati vilivyopigwa na mafundi usiku, ili ndege iruke asubuhi, vipo vyote palepale, vimejaa mwili mzima, vingine vimenyooka, vingine vimekwenda upande kwa sababu fundi alikuwa na usingizi au mikono imeganda kwa baridi. Majina ya mafundi wale hayajaandikwa juu ya viraka. Mkono wa kila mmoja unaonekana.

Nimeambiwa chai iko tayari. Kabla ya chai, wale wa mwaka wa pili nifuateni karakana mara moja. Nilipopita asubuhi niliona ndege ya mazoezi taa zote zinawaka, na toroli ya jenereta iko kule ukutani, imefunikwa turubai.